Njia ya Sita

Behewa la mafuta, stesheni ya Shalkar, njia ya sita,
Januari, baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ubavuni, rangi nyeupe juu ya kutu:
73939133.

Mimi ni mhakiki wa namba, jina langu Ulbosin,
yaani "na awe mvulana":
baba alikuwa na mabinti watatu, akaniita kwa jina
la yule aliyemtaka anifuate.

Kanuni ya reli haimsumbui hata mwenye vidole vya ganzi.
Tarakimu ya kwanza izidishe kwa mbili, ya pili iache,
ya tatu izidishe, ya nne iache, hivyo hivyo hadi ya saba.
Kumi na nne hesabu moja na nne. Kumi na nane hesabu tisa.
Jumla: thelathini na sita.
Ya nane ni mlinzi tu, aifikishe jumla arobaini.
Ilipasa kuwa nne. Imepakwa tatu.
Mtu na brashi yake, pengine upepo ulimliza macho,
kapunja moja.

Nikatoa kalamu niandike kosa. Wino umeganda.
Nikaitia kwapani iyeyuke, na katika kungoja
nikaanza kugawanya,
kama wenzangu watafunavyo mbegu za alizeti.
Kwa saba, baki mbili.
Kwa kumi na moja, baki nne.
Kwa kumi na tatu, baki nane. Nikacheka: inanichezea!
Kwa kumi na saba, baki kumi na tatu. Mchezo ukaishia hapo.

Kalamu iliyeyuka zamani. Sikuandika.

Kesho yake garimoshi likalivuta kwenda magharibi,
namba ikabaki kwangu, nyuma ya pakiti ya chai.
Majira yote ya baridi, mezani jikoni,
vigawanyo zaidi ya elfu moja, kimoja kimoja,
hadi 8597, nikaweka penseli chini,
maana 8599 ikijizidisha yenyewe inavuka mpaka.
Hakuna kilichoingia.

Tasa.
Neno hilo nililijua kabla sijajua hesabu yake.
Mama mkwe alilimimina pamoja na maziwa
katika kikombe changu, mbele ya wageni.

Basi tazama, mama, tasa huyu.
Mkate tarakimu ya mwisho, na umkate tena:

73939133
7393913
739391
73939
7393
739
73
7

Kila mstari tasa. Nimeijaribu yote.
Saba chini ya mmoja, na hakuna aliyegawanyika
kwa kupoteza.

Juu yake hapaongezeki kitu.
Weka moja mwishoni, au saba: tatu inaingia.
Shufwa zina mbili, sifuri na tano zina tano yao.
Weka tatu, weka tisa: hizo zilinikesha,
lakini nazo mwishowe zikapasuka.
Ngazi imefika hapo. Hakuna ndefu kuliko hii
kwa tarakimu hizi kumi tulizonazo.
Na aliyeifikisha ni mpaka rangi aliyekosea.

Aprili, theluji imekuwa tope,
behewa likarudi, njia ile ile.
Mhakiki mwingine, huko lilikopita,
alikuwa na kalamu yenye wino.
Tatu imefunikwa kwa nne mbichi, nene, imechuruzika kidogo.
73939134.
Jumla arobaini. Shufwa. Halali.
Kijana Daurenbek kanipigia kelele kutoka kwenye injini:
"Vipi, ni sahihi?"

Nikavua glavu, nikaiegemeza juu ya ile nne.
Upande wa kushoto wa kiganja changu
zilibaki saba,
nzima, hazijui lolote.

"Sahihi," nikasema. "Vuta."